Maharage Yamepikwa kwa Mafuta Gani?

Siku yangu ya kwanza Albuquerque, mji wa jimbo la New Mexico huko Marekani, niliinuka mezani nusu ya chakula ikiwa sahanini. Nilikuwa nimeagiza burito, chapati nyembamba iliyoviringishiwa maharage ndani, na kumweleza kijana aliyetuhudumia kwamba sili nyama, naye akanihakikishia kwa moyo mweupe kuwa haina nyama. Nikala. Utamu wake ulikuwa mzito, si wa maharage peke yake. Mdogo wangu, anayesoma huko, akaweka uma chini. "Dada, nisamehe, sikukuambia. Huku wengi huyapika kwa mafuta ya nguruwe."

Nimelelewa Upareni, kwenye nyumba ya Wasabato. Imani hiyo ililetwa kwetu mwaka 1903 na wamisionari Wajerumani waliofikia Giti, na nyumbani hatukuacha nguruwe tu, nyama ya aina yoyote haikuingia jikoni. Yule kijana sikumlaumu. Nilimuuliza habari za nyama, akanijibu habari za nyama.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba chakula chenyewe kilifanana mno na cha kwetu. Jimbo la New Mexico lilifanya pilipili na maharage kuwa mboga zake rasmi mwaka 1965, na lina hata swali rasmi, "Nyekundu au kijani?", yaani umwagiwe mchuzi wa pilipili ipi. Ukitaka zote mbili unajibu "Krismasi". Wapueblo, wenyeji wa nchi hiyo, walilima mahindi, maharage na maboga karne nyingi kabla Wahispania hawajaja na nguruwe wao. Mazao hayohayo ya Amerika ndiyo yaliyovuka bahari yakatufikia, hata leo Mpare humwambii kitu kuhusu makande. Kwenye sufuria ile, mgeni ni nguruwe.

Ijumaa tukapanda treni, Rail Runner, kwenda Santa Fe, mwendo kama wa saa moja na nusu. Upande wa kulia ilikuwepo milima ya Sandia, jina ambalo kwa Kihispania ni tikiti maji, kwani jua likizama huiva wekundu kama nyama ya tikiti. Ilikuwa Machi, na kileleni theluji haijaisha. Njiani treni hukatiza ardhi ya Wapueblo, na abiria huombwa wasipige picha. Nikatia simu mkobani, nikatazama kwa macho.

Santa Fe iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kilima kidogo tu kilinifanya nitwete. Nyumba ni za udongo, rangi ya kichuguu, na milangoni yananing'inia mashada ya pilipili nyekundu zilizokaushwa. Tukaingia mgahawa mdogo wenye meza chache. Safari hii mdogo wangu alikuwa ameniandikia kikaratasi kwa Kihispania: sin manteca, sin caldo, yaani bila mafuta ya nguruwe, bila supu ya nyama. Hilo la supu ni muhimu, maana mchuzi wa pilipili unaouona wa mboga tupu mara nyingi umepikwa kwa supu ya kuku, au una vipande vya nguruwe ndani.

Mama aliyetuhudumia alikisoma, akamsemesha mdogo wangu. "Anauliza kama unafunga Kwaresima." Nikasema hapana, mimi ni mwaka mzima. Akanishika bega: basi umekuja siku yenyewe. Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hawali nyama, na jiko lao siku hiyo lilipika hivyo.

Zikaja quelites, mboga za majani za porini zilizokaangwa na kitunguu na maharage, ladha yake jirani kabisa na mchicha. Ikaja torta de huevo, mayai yaliyopigwa hadi yakaumuka, yakakaangwa na kuzamishwa kwenye mchuzi wa pilipili nyekundu: pilipili kavu zilizolowekwa na kusagwa, vitunguu saumu, chumvi, basi. Pilipili ile huanza na utamu, ukali wake unakuja nyuma. Halafu posole, na hapo nikanyamaza. Ni mahindi makubwa yaliyochemshwa na chokaa mpaka ganda likatoka, kisha yakapikwa tena hadi punje zikachanua. Kawaida huenda na nguruwe, lakini siku hiyo yalikuwa na pilipili tu. Sisi tunakoboa kwenye kinu na kutia magadi, wao chokaa, na kijiko kinakutana na ulaini uleule. Mwisho sopaipilla, andazi lililo wazi ndani, unalitoboa pembeni na kumimina asali. Nilikwisha kuuliza: limekaangwa kwa mafuta ya mimea.

Tangu siku hiyo, popote nchi ile, naanza na mafuta, nafuata na supu, kisha nauliza, "Kwaresima mnapika nini?" Ndugu zangu Waislamu wanaosafiri huko, swali la mafuta linawahusu pia.

Kule ilikuwa saa sita mchana, Same saa tatu usiku. Nikampigia Mama kwa video, nikamwonyesha bakuli. Hakuridhika, akataka kuona mahindi yenyewe kabla hayajapikwa. Mpishi akatoka jikoni na konzi ya mahindi makavu, akaiinua mbele ya simu. Mama akasogeza miwani.

"Mwulize," akasema, "yanakaa motoni saa ngapi?"