Penseli za Kaka

Juzi usiku mpwa wangu kaniandikia: "Shikamoo Shangazi. Wamenikubali kwenye ile kambi ya waandishi! Wiki nzima, tunalala hukohuko. Nibebe nini?"

Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikaketi tena nimjibu papo hapo, kwa sababu haya mambo nayajua. Ndala, maana mabafu ni ya pamoja. Sweta, hata kama ni kiangazi, kwani masomo ya jioni huchelewa kwisha na kumbi hupoa. Ekstensheni, kwa sababu soketi ya chumbani mara nyingi ni moja tu, na iko nyuma ya kitanda, mbali na meza. Vizibo vya masikio kama usingizi wako ni mwepesi. Dawa zako za wiki nzima na siku mbili za ziada. Riwaya moja inatosha. Mimi nilibeba sita na sikufungua hata moja, halafu wakati wa kurudi sikuwa na nafasi ya vitabu nilivyopewa na wenzangu.

Kwenye nakala za kazi yake nilikaza zaidi. Moja kwa kila mtu wa kundi, mistari iachane mara mbili, herufi za ukubwa wa 12, kila ukurasa upigwe namba. Watu watakosoa hapohapo juu ya karatasi, na mtu akisema "ukurasa wa nne, mstari wa tatu", wote wanatakiwa wafike pamoja. Na ajisomee kwa sauti huku akitazama saa kabla hajafunga sanduku, kwa sababu ukipewa dakika kumi ni kumi kweli, na hadithi ikikatwa katikati inauma.

Kisha nikaandika: "Chupa ya maji ibebe mkononi. Isiingie sandukuni kabisa." Hapo kidole kikaganda.

Mwaka niliokwenda mimi ni 2009. Hadithi niliyoipeleka ilihusu siku Baba aliponisindikiza shule ya bweni, nina miaka 13. Niliipenda sana. Mvua inanyesha, Baba kasimama getini, ananipa wosia mrefu wa kuishi na watu, nami nalia. Nilichapa nakala tisa usiku mmoja kwa printa ya nyumbani. Wino mweusi uliishia mapema, printa ikaendelea kwa kuchanganya rangi za katriji nyingine, maandishi yakatoka meusi yenye ubuluu kidogo. Sikujali, yalisomeka. Nakala nane zilikuwa za kundi, ya tisa nikampa kaka yangu aisome.

Kaka ni mwalimu wa baiolojia. Kila kitu anaandika kwa penseli, mpaka orodha ya sokoni. Tangu tukiwa wadogo anatuambia kwamba kielelezo kikitiwa kwenye chupa ya spiriti, lebo yake inayozama humo ndani huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kawaida utayeyuka na kielelezo kibaki hakina jina. Aliirudisha nakala baada ya siku mbili, imejaa penseli pembeni. Nikasoma la kwanza: "Hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa kali." Nikafura. Hadithi ni yangu, mvua ni yangu, yeye inamhusu nini? Sikuendelea kusoma. Nikazikunja zile karatasi, na kwa kuwa kuziacha mezani niliona kama kumtupa mwenyewe, nikazisokomeza kwenye mfuko wa ndani wa sanduku. Flashi yenye hadithi ndiyo niliyoisahau mezani.

Chupa ilifunguka njiani. Nilipofungua sanduku chumbani, nguo zilikuwa chepechepe, nami sikuzijali. Nilichopapasa ni bahasha ya nakala. Zilikuwa zimeshikamana kama mkate. Nikazibandua moja moja, nikaziona. Hapakuwa na herufi. Palikuwa na mawingu ya buluu na waridi yaliyotambaa mpaka ukingoni, na katikati ya mawingu, hapa na pale, mkia wa herufi moja uliogoma kuyeyuka. Nane zote. Laiti ningelichapa kwa printa ya leza, ambayo wino wake ni unga unaoyeyushwa kwa joto na kuganda kwenye karatasi, maji yasingenifanyia vile. Niliyajua hayo baadaye. Ofisi ilikuwa imefungwa mpaka asubuhi, na jina langu lilikuwa la kwanza jioni ile.

Nikavuta zile za Kaka kutoka mfukoni. Nazo zililowa, mawingu yaleyale. Lakini pembeni penseli ilikuwa palepale, ya kijivu, imenyooka kama alivyoiandika, kila herufi mahali pake. Maji yamepita juu yake yakaenda zake.

Nilikwenda ukumbini na karatasi hizo mkononi, bado zinadondosha. Tulikuwa tisa pamoja na mkufunzi, viti vimepangwa duara. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba kazi yangu imeharibika, naomba zamu ya kesho. Akazitazama zile karatasi kwa muda, akanirudishia. Akasema, "Soma kilichobaki."

Nilidhani hakunielewa. Akarudia vilevile, kwa upole.

Nikasoma. "Hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa kali." Nikageuza ukurasa. "Baba hakusema haya. Hakusema neno. Alichuchumaa akakufunga kamba ya kiatu, cha kushoto, akafunga mara mbili."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Miaka yote ile nilikuwa nimemsahau Baba amechuchumaa. Ghafla nikakiona kisogo chake, kola ya shati iliyosuguka, vidole vyake vikubwa vikihangaika na kamba nyembamba, na vumbi jekundu kwenye goti lake alipoinuka. Nikaukumbuka mguu wenyewe ulivyobanwa. Wosia wote ule nilikuwa nimeutunga kwa sababu nilitaka awe amenipa kitu, na kumbe alikuwa amenipa.

Nikageuza ukurasa wa mwisho. Sikuwa nimewahi kuufikia. Hapo chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, Kaka alikuwa ameandika: "Mbona mimi simo?"

Nililisoma kwa sauti kabla sijalielewa. Nilisikia sauti yangu ikiuliza swali lake mbele ya watu wasiomjua. Maana ni yeye aliyebeba sanduku langu kichwani tangu kituo cha basi mpaka getini. Alikuwa na miaka 16. Alisimama nyuma ya Baba muda wote, na mimi katika kurasa tisa sikumpa hata sentensi moja.

Hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja aliyekaa kulia kwangu alinyoosha mkono akazichukua karatasi taratibu, akazitandaza kwenye kiti kitupu zikauke.

Wiki ilipita kama wiki zinavyopita huko, masomo asubuhi, kuandika mchana, mazungumzo mpaka usiku. Niliiandika upya hadithi mara tatu. Jua likarudi, kiatu kikaingia. Kaka nikamwingiza na kila mara akawa mtu mwingine, mwema kupita kiasi, au mnyonge, kama naandika kumwomba msamaha badala ya kumwona. Nikaiacha. Mpaka leo haijakamilika, naye sijamwambia kwamba niliisoma penseli yake, wala nilisomea wapi. Labda ningempigia jioni ileile ingekuwa rahisi. Sina hakika. Kuna maneno ukishayachelewesha, hujui tena uyaanzie wapi.

Basi juzi nikamalizia orodha ya mpwa. Ajitumie hadithi kwenye barua pepe yake mwenyewe. Nakala azichape kwa leza, azitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Mwisho nikaandika: "Na penseli, usikose."

Akajibu haraka, ana furaha zake: "Ninazo Shangazi! Baba amenipa tatu, amezichonga kabisa na kunifungia kwa mpira. Ameshaisoma na hadithi yangu. Anakusalimia, anauliza siku hizi wewe unaandika nini?"

Zile karatasi nimezitoa. Zimekauka zikajikunja, buluu imefifia karibu yote. Penseli inasomeka. Tangu juzi ziko hapa mezani karibu na simu, na Kaka sijamjibu bado.