Jina la Baba Si Jina la Ukoo

Nilikuwa naingiza orodha za zamani kwenye kompyuta, katika nyumba moja ya nyaraka huku pwani, alipoingia bibi mmoja na mjukuu wake. Tulipokwisha kuamkiana akasema anatafuta hati ya nyumba ya marehemu baba yake, ya enzi za Mwingereza. Akanitajia jina kama tunavyotajana sisi: jina la huyo marehemu, bin baba yake, bin babu yake. Nikaliandika vivyo hivyo. Hakuna kilichopatikana.

Chanzo nilikijua, nilikuwa nikikilalamikia tangu kazi ianze. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya jina la ukoo na ya jina la kwanza, na kila jina lilipaswa kugeuzwa: la mwisho litangulie, uwekwe mkato, ndipo yafuate mengine. Mpango huo unawafaa wenye majina ya ukoo. Kwetu ni vurugu tupu. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, ndugu wanne waliotawala Zanzibar kwa kufuatana tangu 1856 hadi 1893, wote wanakuwa “Said”. Ongeza babu yao, ndipo utakapoona balaa: Barghash bin Said bin Sultan anaingia chini ya “Sultan”, na mhariri anaweza kulifuta akidhani ni cheo. Kumbe ndilo jina la baba yake Seyyid Said, mtawala wa Oman aliyeuawa 1804.

Tena kuna tahajia. Makarani waliandika walivyosikia: Barghash, Burghash, Bargash. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, utamkuta kwa lakabu yake: Tippu Tip hapa, Tippoo Tib pale.

“Bibi, huyu babu yako Muhammad huenda wamemwandika vingine,” nikasema. Nikatafuta m*h*m*d, kila nyota ikishika nafasi ya herufi zozote, nikaongeza jina la mtaa. Hati ikatoka: “Mahomed”, mkato, halafu jina la baba yake bibi.

Mjukuu akamsomea. Bibi akauliza, “Mbona wamemtanguliza babu? Mwenye nyumba ni baba.”

Mkuu wetu wa kitengo, aliyekuwa akiitetea ile fomu kila nilipoigusa, alisikia. Jioni hiyo tulikaa na ISAAR(CPF), kiwango cha kimataifa cha kuandika rekodi za watu, familia na taasisi katika nyaraka, toleo la 2004, kinachotaka mtu awe na jina moja lililoidhinishwa, na majina yake mengine yaandikwe kwenye rekodi hiyohiyo. Tukakubaliana: jina lifuate mpangilio wa mwenyewe, tahajia ya hati isiguswe katika maelezo ya hati, na kila namna nyingine iingizwe ili utafutaji wowote ufike palepale. Nafasi ya ukoo tukawaachia wenye nisba, yaani jina la kabila au asili, kama el Murjebi au el Barwani.

Bibi aliporudi kuchukua nakala, rekodi ya baba yake ilikuwa tayari. Akaisikiliza yote, kisha akadai tuongeze na lakabu yake, kwa kuwa nusu ya mtaa haikumjua kwa jina jingine. Tukaiongeza akiwa amesimama hapo.