Ankara ya saa tisa usiku

Nimetoka kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, saa tisa usiku, shati limenigandama mgongoni, nafungua simu nakuta ankara. Mwenzangu wa mafunzo aliugua juzi, chuo kikaweka rubani mwingine kwenye kiti chake, na malipo ya huyo wa kujazia nimebandikwa mimi! Wadogo zangu mnaotaka kuja huku kusomea ndege kubwa, ulizeni kabla ya kutia saini: mwenzako akiugua nani analipa? Ukihitaji kipindi cha ziada je?

Maana leseni peke yake haikupi ruhusa ya kurusha Airbus A320. Ufunzwe ndege ya aina hiyo, upimwe, ndipo iandikwe kwenye leseni. Mwanzoni hakuna kupaa. Ni kompyuta na mifumo: umeme, mafuta, hewa ya kabini, haidroli (mifumo ya majimaji yenye shinikizo inayosukuma sehemu za ndege) 3 za kijani, bluu na njano, na kila moja ikifa inaondoka na nini. Usiku nilikuwa nakaa mbele ya picha ya kokpiti niliyobandika ukutani, nabonyeza swichi za karatasi huku nikikariri kwa sauti. Jirani angechungulia angeniitia daktari.

Kipindi cha simuleta ni cha muda wa saa 4. Nusu unarusha wewe, nusu unamsimamia mwenzako. Injini inazimika mkiwa mbioni kupaa. Kabla ya V1, yaani mwendo ambao ukishaupita huna tena nafasi ya kusimama salama, unasimamisha ndege. Ukishaupita unapaa na injini iliyobaki, mguu ukikandamiza usukani wa mkia ili pua isipinde. Mara ya kwanza mkono wangu ulikimbilia swichi ya kuzima injini iliyoharibika. Mkufunzi akagandisha kila kitu: "Unakimbilia wapi? Rusha ndege kwanza."

Iliniuma. Nilidhani wepesi ndio ujuzi. Kumbe wanatazama kama unamsubiri mwenzako athibitishe kabla hujazima injini, kwa sababu kuzima kimakosa ile iliyo nzima ni rahisi mno.

Bado nina mtihani wa simuleta, kisha kutua mara 6 na ndege halisi isiyo na abiria, halafu safari za abiria kando ya kapteni mkufunzi.

Mchana huu mgonjwa wangu ameandika kutoka kitandani: tugawane ankara nusu kwa nusu. Nikamjibu asijali, apone kwanza. Baada ya dakika kumi nikamtumia namba ya akaunti.