Nasubiri diski ya Suzu hapa Goma

Filme ya katuni (anime) ya mwongozaji Mjapani Katabuchi Sunao, hadithi ya Suzu, mke kijana anayeishi Kure karibu na Hiroshima wakati wa vita, ilitoka Japani tarehe 12 Novemba 2016, sasa ni Oktoba 2017, karibu mwaka, na mimi bado nimeona trela tu. Kwa Kifaransa inaitwa Dans un recoin de ce monde. Tarehe 6 Septemba mwaka huu ikaingia kwenye sinema za Ufaransa, yaya wangu, mkubwa wangu tuliyezaliwa naye, mwenye anaishi Lyon akaenda kuiona na akanipigia usiku ule ule, nikamwambia yaya usinisimulie, niambie rangi tu. Akaanza kunieleza vile bahari ya Kure inang'aa ukiwa juu mlimani, akakatisha, akasema hapana, utaona mwenyewe.

Sasa hapa Goma sinema ya kuonyesha anime hatuna, kwa hiyo kwetu filme inatoka siku diski inatoka. Japani wameshaipata tangu 15 Septemba, Marekani ni mwezi ujao. Lakini diski za Blu-ray zimegawanywa kwa kanda, Japani na Marekani ziko kanda A, Ulaya na Afrika tuko kanda B, na mashine ya hapa nyumbani diski ya A inaikataa kabisa. Halafu nataka maandishi ya chini yawe ya Kifaransa ili mama afuate bila mimi kumtafsiria kila saa. Njo maana nasubiri ya Ufaransa, na kule sheria inasema filme ikishaingia sinema, kwa kawaida miezi 4 ipite kwanza ndipo diski iuzwe. Kwa hiyo Januari, labda. Kisha ingoje mtu wa kusafiri, maana kifurushi kama hiki nakiamini kikiwa ndani ya valizi ya mtu ninayemjua.

Kuna kijana kwenye kartie yetu anajaza watu filme kwenye flashi, ananiambia kila wiki eti Noeli haitafika hajanipatia kopi. Ni kijana mzuri, na simlaumu mtu anayenunua kwake, ndiyo njia tuliyo nayo. Lakini kopi zake karibu zote zinakatwa mwishoni, majina yakianza kupanda tu basi imekwisha, na kwa filme hii majina ndiyo nayataka.

Maana majina yale ni ya watu waliochanga. Katabuchi alianza kuitayarisha tangu 2010, miaka ikaenda na wenye hela hawajapatikana wa kutosha, ndipo Machi 2015 wakafungua mchango kwenye tovuti ya Makuake, wakiomba kama yeni milioni 20. Hadi mwisho wa Mei watu 3,374 walikuwa wametoa yeni 39,121,920! Na hela ile haikuwa ya kumaliza filme, ilikuwa ya kukusanya wachoraji na kutengeneza kipande kifupi cha kuwaonyesha wenye mitaji kwamba hii kazi watu wanaitaka. Mama yangu yuko kwenye likirimba, mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, tangu sijazaliwa, lakini kwenye likirimba unajua zamu yako itafika na bahasha utaishika mkononi. Hawa walitoa kwa kitu ambacho hakijakuwepo, hawajui kama kitakuwepo. Ilianza kwenye sinema 63 tu, watu wakaambiana, zikaongezeka, na Juni mwaka huu ikapata tuzo ya jopo kwenye tamasha la filme za katuni la Annecy, Ufaransa. Mwaka ule wa mchango karti ya benki sikuwa nayo, ningekuwa nayo ningetoa, hata kidogo.

Mambo ya Hiroshima kila mtu anajua yaliishaje, Agosti 6, 1945. Chenye sijui ni Suzu alipika nini wakati mchele ulipungua, na wanasema Katabuchi alijaribu mwenyewe kupika yale majani ya porini ili ajue. Na tena kitu chenye kimenishika zaidi ya vyote ni ule mtaa wa Nakajima, kule Hiroshima. Ulikuwa mtaa wa maduka katikati ya mji, leo pale ni bustani ya kumbukumbu, na katika jengo moja tu, lililokuwa duka la kimono la Taishoya, ndiyo unaweza kuingia mpaka leo. Ule mtaa wote Katabuchi ameuchora upya kutoka kwenye picha za zamani na midomo ya wazee waliokulia pale, duka kwa duka. Kwenye sinema kile kipande kinapita haraka, yaya ameniambia. Kwenye diski nitasimamisha picha, nitaangalia kibao kwa kibao, nitarudisha nyuma. Kwangu mimi diski maana yake ni hiyo.

Sisi hapa tunatembea juu ya mtaa kila siku. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikachukua kathedrali, ikachukua sehemu kubwa ya mtaa wa Birere, watu wakakimbilia Gisenyi kule Rwanda, wakarudi wakajenga juu ya mawe yale yale bado yana joto. Nilikuwa mdogo, nakumbuka harufu, maduka siyakumbuki. Na sijaona mtu aliyeyachora.

Juzi nikamweleza mama habari ya Nakajima, akaacha maharage aliyokuwa anachambua, akaanza kutaja maduka ya avenyu moja ya kabla ya lava: hapa kulikuwa na fundi wa nguo, hapa mzee wa kuuza vitenge, hapa famasi, hapa mama wa mandazi aliyekuwa anakopesha watoto wa shule. Nikachukua kaye (daftari) nikaandika. Jana tantine akapita, akaisoma, akasema famasi ilikuwa upande wa pili, karibu na kona, wakabishana mpaka giza likaingia na hakuna aliyekubali. Jumapili tutamuuliza mzee wa vitenge mwenyewe, siku hizi anakaa Himbi, na yaya amesema ana picha moja ya harusi iliyopigwa kwenye avenyu ile, ataitafuta aitume.