Ukirudi Kusini, usingoje Oktoba

Wengi wetu tuliokaa mbali miaka mingi hurudi Mtwara na Lindi mwezi wa Oktoba, minada ya korosho ikifunguliwa. Kwa anayetaka kufufua shamba la wazee, huo ni wakati wa kutazama mavuno ya wenzake. Njoo Aprili, mvua zikielekea ukingoni.

Kabla ya panga, ukoo. Wamakonde, Wamakua na Wamwera kwa asili hufuata upande wa mama, hivyo mara nyingi mwenye kauli juu ya shamba ni mjomba. Muulize mipaka, kisha muulize kama mikorosho iko huru au imewekwa rehani. Huku miti huweza kuwekwa rehani peke yake, ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Ukipalilia bila kuuliza, unamlimia aliyekopesha. Mkishaelewana, nendeni ofisi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua hakimiliki ya kimila, na maandishi huzuia ugomvi wa wajukuu.

Hapo hapo jiandikishe kama mkulima, maana pembejeo za ruzuku hufuata daftari. Jina la kwenye daftari, la kitambulisho na la akaunti ya benki yafanane herufi kwa herufi. Yakitofautiana, malipo hukwama.

Adui mkubwa shambani ni ubwiriunga. Unga mweupe huota kwenye machipukizi na maua, maua yakakauka kabla ya kushika. Maua yanapoanza kuchomoza, puliza salfa ya unga, kama robo kilo kwa mti mkubwa, kila baada ya wiki mbili. Fanya alfajiri, umande ungalipo na upepo umelala. Baadaye salfa hupeperuka bure. Wazee wengi walipanda karibu karibu, matawi yakafungamana, na ubwiriunga hupenda kivuli hicho kisicho na hewa. Punguza miti mpaka nafasi ya mita 12 kwa 12. Inauma kukata mti alioupanda bibi, lakini itakayobaki itazaa vizuri zaidi.

Korosho haichumwi, hungojewa ianguke. Itenganishe na bibo, tunda lake, siku hiyo hiyo, anika siku mbili au tatu mpaka ukiitikisa inalia, kisha tia kwenye gunia la juti. Ndani ya kiroba cha plastiki hutoka jasho, ikaota ukungu na kushuka daraja.

AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, itapima na kukupa risiti, mzigo uende ghala kuu kusubiri mnada. Ndiyo stakabadhi ghalani, iliyoanza kwa korosho msimu wa 2007/08. Bei inayotangazwa mnadani siyo utakayopokea: toa kwanza ushuru wa halmashauri, makato ya chama na usafirishaji. Na pesa haiji siku ya mnada.

Pengo hilo ndilo mlango wa kangomba, mnunuzi wa magendo anayekuja na bakuli lake nyumba ikiwa haina unga, akachukua korosho kwa bei ya njaa, wakati mwingine zikiwa bado maua. Kwa hiyo fedha ya kwanza unayorudi nayo isiende kwenye salfa. Itengee chakula na ada za watoto, kuanzia Julai hadi Novemba.