Mafini za Kiingereza juu ya chuma cha chapati

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina jiko la gesi la plate mbili na hazina oveni, na hata wenye oveni ya umeme huiwasha huku wakihesabu uniti za LUKU. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na mkate gani nyumbani, simwelekezi kwenye boflo wala skonzi; namwelekeza kwenye mafini ya Kiingereza, mkate mdogo wa duara unaoumuliwa kwa hamira na kuiva juu ya chuma kikavu tangu mwanzo hadi mwisho. Sizungumzii ile keki tamu ya kwenye kikombe cha karatasi, ambayo huumuka kwa bekingi poda na ni kitu kingine kabisa. Huu wa Kiingereza uliuzwa mitaani London katika karne ya 19 na watu waliobeba trei kichwani huku wakipiga kengele, biashara ambayo mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa. Marekani ulienezwa na Samuel Bath Thomas, Mwingereza aliyehamia New York mwaka 1874 na kufungua duka lake la mikate mwaka 1880.

Kwa mafini nane natumia gramu 400 za unga wa ngano, mililita 300 za maziwa, gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa, kijiko kidogo cha hamira ya chenga, kijiko kimoja cha sukari na kijiko kidogo na nusu cha chumvi. Anayependa uchachu kidogo anaweza kuweka mtindi badala ya theluthi moja ya maziwa. Donge litakalotoka ni laini na linanata mno kuliko la chapati, na hapo ndipo wengi hushawishika kuongeza unga hadi likae vizuri mkononi. Wasiongeze. Maji hayo ndiyo yanayogeuka mvuke wakati wa kuiva na kuacha yale matundu ya ndani ambayo bila hayo mafini haina maana. Likorogwe kwa mwiko dakika tano hivi, lifunikwe, na lilazwe kwenye friji hadi asubuhi.

Kuhusu friji nina msimamo. Vitabu vya mapishi vya nchi za baridi humwambia mpishi atumie maziwa ya vuguvugu na atafute mahali pa joto, lakini katika joto letu, hasa Januari na Februari ambapo nyuzi 30 ni jambo la kila siku, donge lililokandwa kwa vuguvugu huumuka upesi kabla halijapata ladha. Maziwa yatoke kwenye friji yakiwa ya baridi, na usiku ufanye kazi yake polepole. Baridi pia hulifanya donge hili laini lishikike asubuhi, wakati wa kuligawa na kuliviringa kwa mikono iliyopakwa unga. Madonge yapangwe kwenye sinia lililonyunyiziwa dona, ambayo chenga zake huzuia kunata na kuupa uso wa mkate mkwaruzo wake, kisha yafunikwe hadi yavimbe tena.

Sasa moto, ambao kwangu ndio mafini yenyewe. Mkate huu una unene wa karibu sentimita tatu na unapata joto upande mmoja tu kwa wakati, hivyo joto lazima lipewe muda wa kufika katikati kabla ngozi ya chini haijaungua. Mpishi wa pwani anayejua mkate wa ufuta ataelewa haraka, ingawa ule una tui na hugeuziwa uso kwenye makaa. Chuma kiwe kizito, kisipakwe mafuta, na moto uwe wa chini kabisa. Kama plate yenu haishuki vya kutosha, wekeni kikaango cha zamani chini ya chuma, na wenye mkaa wasubiri hadi ushike majivu. Dakika saba au nane kila upande si nyingi. Mafini iliyoiva hurudi ikibonyezwa ubavuni, na mwenye kipimajoto atasoma nyuzi 93 au zaidi katikati.

Iachwe ipoe, kisha ipasuliwe kwa uma kuzunguka ubavu, si kwa kisu, kwa sababu kisu husawazisha uso na kuziba matundu ambayo siagi ingeingia. Nusu hizo hurudishwa kwenye chuma, upande wa ndani ukiwa chini, hadi zipate rangi. Mimi huzila na siagi na asali ya Tabora, na chai ya maziwa yenye iliki. Zinazobaki huzipasua kabisa kabla ya kuziweka kwenye friza, ili asubuhi ya kazi zitoke huko na kwenda moja kwa moja jikoni.