Nchi ya Kuzaliwa

Mwaka 1965, Mombasa, nikingali mwanafunzi, mzee wa Kihindi aliyekuwa akiuza khanga mtaani kwetu alinichukua nikamjazie fomu ya uraia. Muda uliotolewa baada ya Uhuru ulikuwa unakwisha Desemba 12, na foleni ilifika hadi barabarani. Kiswahili cha mzee kilikuwa Kimvita kitupu. Kiingereza ndicho kilichompiga chenga.

Penye nchi ya kuzaliwa akaniambia, "Andika Nawanagar, mwanangu."

Karani akaisoma, akairudisha. "Hakuna nchi hii."

"Ilikuwapo," mzee akasema, akaegemea meza kana kwamba yuko dukani kwake. Akaanza. Kathiawar, magharibi mwa India, kulikuwa na vijinchi zaidi ya 200, vingine ukubwa wa kijiji, na mfanyabiashara mwenye mzigo alitozwa ushuru hapa, akatozwa tena mbele. Mwaka 1947 Waingereza wakaondoka, kila mtawala akatakiwa kuchagua India au Pakistan. Jirani yao, Nawab wa Junagadh, alichagua Pakistan ilhali raia wake wengi ni Wahindu; mwisho akakimbilia Karachi na mbwa wake. Hapo mzee alicheka mpaka akakohoa. Jam Saheb, mtawala wa Nawanagar, alikuwa mjanja zaidi. Februari 1948 Patel, naibu waziri mkuu wa India, alikwenda Jamnagar, mji mkuu wa Nawanagar, vijinchi vile vikaunganishwa kuwa Saurashtra, na Jam Saheb akawekwa kuwa mkuu wake. Watawala wakaachiwa vyeo vyao na posho ya kila mwaka. Mwaka 1956 Saurashtra ikatiwa ndani ya Bombay, 1960 ikawa Gujarat.

"Sasa niandike ipi?" karani akauliza, kachoka.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Nchi ya nani?"

Karani hakujibu. Sote tulijua. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea Fort Jesus hadi juzi tu, na ugomvi wa Mwambao, pwani iwe Kenya au ijitenge, ulikuwa umewagawa wajomba zangu hata hawaamkiani. Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakatia sahihi, ukanda wa maili 10 ukawa Kenya. Hakuna aliyetuuliza sisi watoto. Wala sidhani waliulizwa watu wa Jamnagar.

Karani akaandika India, akagonga muhuri.

Nje, mzee akakunja stakabadhi yake mara nne. "Wetu anakula posho mpaka leo," akasema. "Wenu kaondoka na meli."